Uzi wa Kumtoa Fano

"Sufu? Mwaka huu hatuna sufu, mama Timo. Kondoo wetu wamekonda mno."

Mke wa mfinyanzi alisema hayo kupitia ufa wa mlango, jicho moja nje, jicho moja ndani. Nyuma yake ua mzima ulikuwa umeanikwa sufu mbichi, na harufu yake ilikuwa imejaa kichochoro kizima. Nikeso aliiona, na mke wa mfinyanzi aliona kwamba ameiona. Mlango ukafungwa taratibu, kwa adabu zote.

Nikeso akajifunika mtandio vizuri akaendelea na nyumba iliyofuata. Huko hawakufungua kabisa. Alisikia watoto wananyamazishwa ndani, mtu akisema "shh, ni yeye," na akasimama pale mlangoni kama mwombaji, yeye ambaye hakuna harusi iliyofanyika mtaa ule bila mikono yake kusokota uzi wa bibi harusi.

Alitaka uzi wa kumtoa mumewe hekaluni. Fano, mchonga mbao, alikuwa amekumbatia mguu wa sanamu ya mungu wa kike Hera kule juu kilimani tangu siku wenye marungu walipomfuata nyumbani na yeye akawatangulia kwa kupitia ukuta wa nyuma. Aliyeshika mguu wa Hera haguswi. Hata Kalidemo, mtawala wetu, ambaye sasa hivi hapa mjini anagusa kila kitu, hilo hathubutu. Lakini aliweka watu wake mlangoni, na chakula hakipiti, na maji hayapiti. Mtu haguswi, anaachwa tu akauke.

Iko njia moja ya kutoka, na kila mtoto wa mji wetu anaijua. Unafunga uzi kwenye mguu wa sanamu, unatoka ukiwa umeushika, na maadamu uzi uko mkononi unahesabiwa bado uko ndani ya hekalu. Kalidemo mwenyewe alimtuma mpiga mbiu atangaze: fundi Fano ateremke na uzi wake mpaka sokoni, kwenye kiti cha hukumu kitakachowekwa kando ya jiwe la mnada. Akikigusa kiti, atasikilizwa mbele ya watu wote na atarudi kwake. Watu wakasema, mnaona, mtu mwenye huruma.

Tatizo ni kwamba wenye marungu walipomkosa mtu walibeba vitu. Walichukua sufu yote, mtambo wa kufumia, zana za Fano na hata mtungi wa zeituni zilizotiwa chumvi. Walimwachia Nikeso kijiti chake cha kusokotea kwa sababu kilikuwa kimeanguka chini ya kitanda.

Nitasema ukweli hata kama unauma. Kalidemo hakuuteka mji huu, sisi tulimkabidhi. Alisimama mbele ya mkutano, akalia machozi, akasema matajiri wanataka kumuua kwa sababu yeye ni Mlinzi wa Wanyonge, akaomba walinzi hamsini. Tena hakuomba wenye mikuki, aliomba wenye marungu. Nani ataogopa rungu? Rungu ni la mlinzi wa shamba la mizabibu, la kufukuzia mbweha. Tuliinua mikono huku tunacheka. Fano aliinua yote miwili, kwa kuwa kazi ya kuyachonga ilikuwa inamjia yeye.

Na kosa lake ni lipi? Jioni moja kilabuni, kikombe mkononi, alisema kwa sauti: "Jamani, tulipitisha marungu hamsini. Mimi nimeshachonga zaidi ya mia mbili na bado naletewa miti. Hayo mengine tuliyapigia kura lini?" Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mmoja wa waliocheka alitoka pale akaenda kusema.

Kleito, mwosha sufu, alikuwa uani kwake akikoroga pipa la maji ya magadi alipomwona Nikeso anasimama kwenye lango. Kwenye kona ya kichochoro alikuwepo mwenye rungu mmoja anatafuna mbegu. Kleito alimtazama yule mtu, akamtazama Nikeso, akalipuka.

"Wewe mwanamke, huna haya? Unakuja kwangu mimi? Mumeo kamtukana Mlinzi wa Wanyonge halafu unataka nikupe sufu?"

"Kleito, mimi nili..."

"Usinitaje jina! Jina langu halipiti kwenye mdomo huo!" Akainua gunia lililokuwa karibu na choo, gunia lenye mabonge ya sufu ya matakoni mwa kondoo yaliyoganda kinyesi, akamrushia kifuani. "Haya, sufu hiyo! Ndiyo inayowafaa! Beba uchafu mwenzako uondoke nao, usiniachie hata chembe hapa!"

Mwenye rungu alicheka, akapiga rungu ukutani kushangilia. Nikeso aliokota gunia, uso unamwaka moto, akatembea nalo mtaa mzima huku watoto wakiziba pua. Walikuwa wamekua pamoja, yeye na Kleito, wameolewa mwaka mmoja, wamezikiana watoto. Alilia njia nzima.

Nyumbani alimwaga lile gunia chini. Mabonge ya kinyesi yalikuwa juu tu, kiasi cha mikono miwili. Chini yake ilikuwa imeshindiliwa sufu nyeupe, iliyooshwa na kuchanwa tayari, laini, ile ya bei ambayo Kleito huwauzia wake za matajiri. Nikeso alikaa chini akaishika sufu ile, akalia tena, kilio cha namna nyingine.

"Unalia nini tena?" aliuliza Lisila, mama yake Fano, kutoka kwenye kona yake. Macho yake yalikuwa yameshika ukungu. "Sokota. Machozi yanaifanya sufu iwe nzito."

Walisokota wote wawili, na Timo, binti mdogo wa Nikeso, akawa anawapasulia mafungu. Lisila haoni, lakini vidole vyake vinaona.

"Mwanangu mdomo wake hauna mlango," alisema Lisila. "Tangu mdogo. Nilimwambia, fundi huuza mbao, hauzi maneno."

"Mama, siku ya kura ulikuwa juu ya paa ukipiga vigelegele."

"Nilipiga kwa ajili ya mwanangu. Nilidhani amepata kazi ya maana."

"Wote tulidhani."

"Wewe hukupiga?"

Nikeso alizungusha kijiti. "Nilipiga," alisema. "Nilipiga mpaka sauti ikakauka."

Sufu ilipokwisha, Nikeso alichukua bonge la uzi akaenda kuipima njia. Alijitwisha mtungi kichwani ajifanye anakwenda kisimani, akateremka kutoka hekaluni mpaka jiwe la mnada, akihesabu moyoni kila hatua. Uzi ulitosha, tena ulibaki wa hatua nyingi. Usiku ule alilala, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa muda.

Asubuhi alipanda kilimani. Mlangoni pa hekalu walikuwepo wenye marungu, na aliyetokeza mbele kumpekua alikuwa Menipo. Menipo ni mdogo wake Nikeso, tumbo moja.

"Fungua mdomo, dada."

"Menipo. Nimekubeba mgongoni mimi."

"Fungua. Wananitazama."

Alifungua. Mdogo wake akatia kidole ndani akazungusha, akapapasa mashavu, akapapasa chini ya ulimi. Kidole kilikuwa na ladha ya vitunguu. Halafu akamwambia ateremshe mtandio, akapitisha mikono kwenye nywele, na pale kisogoni, ndani ya fundo la nywele, vidole vikagusa kitu cha majimaji.

Ilikuwa sponji ndogo. Nikeso alikuwa ameiloweka maji na asali.

Walitazamana. Midomo ya Nikeso ilisema bila sauti, "Tafadhali." Nyuma yao mwenzake Menipo aliuliza, "Kuna kitu?"

"Kuna sponji," Menipo alijibu. Akaitoa, akaikamua pale pale kwenye jiwe la kizingiti mpaka tone la mwisho, akamrudishia ikiwa kavu. "Ni kazi, dada," alisema kwa sauti ya chini. "Ninao watoto."

"Na mimi ninaye," Nikeso alisema, akapita.

Ndani, Fano alikuwa amelala chini, mkono mmoja umekumbatia kifundo cha mguu wa sanamu. Ngozi ya midomo ilikuwa imepasuka, na ulimi ulikuwa umevimba hata akawa anaongea kama mlevi. Mama kuhani, mwanamke mnene mwenye wasiwasi, alikuwa anazunguka nguzo kwa nguzo.

"Mtoe leo," alimwambia Nikeso. "Nakuomba sana, binti yangu. Akifia humu ndani, hekalu litanajisika na mimi ndiye nitakayeulizwa."

"Ulishindwa hata kumpa kikombe cha maji ya tambiko?"

"Wananihesabia vikombe," alisema mama kuhani, na macho yake yakaenda pembeni.

Nikeso alipiga magoti akafunga uzi kwenye mguu wa mungu, fundo juu ya fundo. Fano alimtazama mikono.

"Mzuri," alisema kwa shida. "Uzi mzuri."

"Ni sufu ya Kleito."

"Kleito katoa?"

"Kanirushia na matusi. Inuka, baba Timo. Twende tukaguse hicho kiti, turudi nyumbani. Mama kapika uji wa shayiri."

"Nikisikilizwa niseme nini?"

"Sema ulilewa."

"Sikulewa."

"Najua hukulewa! Sema ulilewa, Fano. Kwa ajili ya Timo, sema ulilewa."

Alifumba macho. Kisha akatikisa kichwa kukubali, na akainuka akimshika mkewe bega.

Waliteremka polepole, Fano ameushika uzi, Nikeso pembeni yake akilifungua bonge taratibu, usikaze wala usilegee. Lisila alikuwa anawangoja kwenye lango la hekalu akaungana nao, mkono mmoja kwenye gongo, mwingine umemshika Timo. Wenye marungu walitembea kushoto na kulia bila kugusa. Watu walijaa juu ya kuta na mapaa. Hakuna aliyesema neno, na Nikeso aliona kimya kile ni heshima, moyo ukaanza kumpa matumaini. Waliingia sokoni. Jiwe la mnada lile pale.

Kiti hakikuwepo.

Kilikuwa upande wa pili wa soko, mbali, kwenye vibanda vya wauza samaki wa chumvi. Kalidemo alikuwa amekikalia, kanzu safi, bakuli la tini magotini. Alipowaona aliinua mkono kwa furaha kabisa.

"Fundi Fano! Karibu, jirani, karibu! Samahani kwa usumbufu. Watu ni wengi, pale jiweni nafasi ilikuwa finyu. Njoo, njoo, usiogope."

Nikeso alitazama bonge mkononi. Kulikuwa na uzi wa kuvukia nusu ya soko, zaidi ya hapo hakuna. Waliendelea kwa kuwa hapakuwa na la kufanya, mpaka uzi ukaisha, na Fano akasimama katikati ya soko akiwa ameushika mwisho wake kwa vidole viwili, uzi umenyooka nyuma yake hadi kilimani. Wenye marungu wakasimama pia. Walikuwa wanavitazama vile vidole.

"Mbona amesimama?" aliuliza Kalidemo.

"Uzi umekwisha, mheshimiwa," Nikeso alisema. Sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Tuliambiwa ni jiweni. Mpiga mbiu alisema jiweni, watu wote walisikia."

Kalidemo aligeuka huku na huku kama mtu anayetafuta msaada. "Walisikia? Nani alisikia jiweni?"

Hapakuwa na aliyesikia. Mfinyanzi alikuwa pale na mkewe, wauza samaki walikuwa pale, na wale waliocheka kilabuni walikuwa pale. Kila mtu sokoni akatazama vidole vya miguu yake mwenyewe.

"Basi mama, mimi sina haraka," Kalidemo alisema, akaokota tini. "Ongezeni uzi. Nitangoja."

Nikeso akavua mtandio wake. Aling'ata ukingo kwa meno, akautatua, akaanza kuvuta uzi wake mmoja mmoja, akaunga fundo kwenye ule wa kwanza. Mtandio wa sufu alioufuma mwenyewe akiwa mwari ulianza kupungua mkononi. Uzi ukapita katikati ya vidole vya Fano, akasogea hatua, akangoja, akasogea. Jua lilikuwa limewaka. Fano alikuwa anayumba.

Lisila akaketi chini pale pale vumbini. "Timo, nitafutie ukingo," alisema, akaanza kutatua mtandio wake mwenyewe. Nywele zake chache nyeupe zikawa wazi mbele ya wanaume, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu aolewe.

"Bibi, utabaki na nini?" kijana mmoja alidakia kutoka juu ya ukuta, na watu wakacheka.

Kleito akatoka kwenye umati. Hakutukana safari hii, wala hakumtazama mtu. Alivua mtandio wake, akauweka mikononi mwa Nikeso, akageuka akaenda zake nyumbani akitembea wima, na mwenye rungu mmoja akamfuata. Nikeso alitazama wanawake wengine. Kila mmoja alikuwa na sufu mwilini. Walikuwa wengi kiasi kwamba kila mmoja angetoa ukingo tu wa nguo yake, uzi ungezunguka mji. Mke wa mfinyanzi alikuwa anaushika wake kwa mikono yote miwili, chini ya kidevu.

Hata hivyo uzi wa mitandio mitatu ulivuta. Fano alifika kwenye vibanda vya samaki, akafika kwenye kivuli cha nguzo ya mwisho, ikawa kiti kiko mbele yake urefu wa mtu aliyelala. Alinyoosha mkono wa kulia. Nikeso alikuwa amepiga magoti akifunga fundo la mwisho, akisema peke yake, "Bado kidogo, baba Timo, bado kidogo."

Kalidemo akasimama. Akajikinga uso kwa kiganja, akatazama juu.

"Ah, hili jua," alisema. "Wanangu, nisogezeeni kiti kivulini. Pale kisimani."

Wawili wakakibeba kiti, wakakipeleka mbali hadi kwenye kisima kipya, kisima ambacho Kalidemo alitujengea na tunakunywa maji yake mpaka leo. Akakikalia. Akapanga kanzu yake. "Haya fundi," aliita. "Endelea, unakuja vizuri."

Na watu walicheka. Natamani niseme walicheka wachache, au kwa woga tu. Walicheka kwa sababu kweli lilichekesha, namna alivyojikinga jua, ule utulivu wake, na tumezoea kumpenda anapotuchekesha. Sauti moja ikapaa juu ya zote: "Mama, malizia na hiyo ya mwilini! Tupate kuona kazi!"

Nikeso alibaki na nguo moja tu, ile iliyoshikwa mabegani kwa pini mbili. Alimtazama Fano, akatazama kisima. Hakufikiri sana. Mkono wake ukapanda begani ukashika pini.

"Usitoe," Fano alisema.

"Itafika. Nikiitatua yote itafika, nimeipima kwa macho."

"Nikeso. Hicho kiti kina miguu."

"Nitamwambia Timo alete shuka. Tutaomba. Tutapiga magoti, Fano, wapo watu wenye huruma hapa, naapa wapo..."

"Usivue mbele ya hawa," alisema. Alisema kwa upole, kwa ule ulimi wake uliovimba, na alikuwa anamtazama mkewe peke yake. Kisha akafungua vidole.

Uzi ulianguka bila sauti. Fano alianza kutembea kwenda kisimani, mikono mitupu imening'inia, akitembea kama fundi anayekwenda kuulizia kazi. Alikwenda hatua chache. Kiti hakukifikia. Wenye marungu walikuwa na kiu ya siku nyingi, na soko likajaa ile sauti ambayo sasa tunaijua sote. Lisila hakuona, lakini alisikia. Timo aliona.

Baadaye Kalidemo alisimama juu ya ukingo wa kisima akauliza umati, kwa utaratibu, kama kuna yeyote aliyemgusa mtu wa Hera akiwa ameushika uzi. Watu wakasema hapana. Akauliza kama kuna aliyeukata. Wakasema hapana, kauachia mwenyewe. Na hiyo ni kweli tupu. Mama kuhani alishusha pumzi kwa sababu hekalu lilikuwa safi.

Nikeso alikuwa bado amepiga magoti pale penye vibanda vya samaki. Hawakumruhusu amguse mumewe mpaka Mlinzi wa Wanyonge aondoke. Alikaa, macho makavu, halafu akauona uzi chini. Ilikuwa sufu nzuri, na Timo hakuwa na nguo ya baridi. Akaushika ule mwisho akaanza kuukunja bonge, akainuka, akaufuata polepole kurudi ulikotoka, katikati ya soko na kupanda kilima, huku nywele zake zikiwa wazi. Popote alipopita, watu waliokuwa wamesimama karibu waliinua miguu yao kwa uangalifu mkubwa, mmoja baada ya mwingine, wasije wakaukanyaga uzi wa mungu.